Wiki Kumi za Kupima Klorini

Mama yangu aliamini kwamba ni utapeli. Jioni moja ya Machi 2023 nilimsomea barua pepe iliyosema kwamba nimechaguliwa kwenda kufanya utafiti wa maji katika chuo kikuu cha jimbo jingine, kwamba nitalipwa dola 6,000 kwa wiki 10, na kwamba chumba cha kulala nitapewa bila kulipia. Aliacha kuchambua maharagwe, akanitazama, akauliza: "Mwanangu, ni nani anayemlipa mtu ili aende kujifunza? Wamekuomba namba ya benki?" Nilinyamaza, kwa sababu kweli walikuwa wameiomba.

Simlaumu hata kidogo. Mama alitoka Fizi, Kivu Kusini, akiwa amenibeba mgongoni, na tukaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, hadi tulipohamishiwa Louisville, Kentucky, mwezi Novemba 2019. Kambini tulizoea kuona kwamba anayekuja na habari njema isiyo na gharama hurudi siku ya tatu akitaka pesa ya fomu. Ninaandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wa kanisani na wa majengo tunayoishi, ambao huniuliza "nilipataje," kana kwamba ni bahati nasibu iliyoniangukia. Ninawaandikia pia wazazi wao, ambao huuliza swali la Mama.

Anayelipa ana jina. Tangu mwaka 1987 Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, unaojulikana kwa herufi NSF, umekuwa ukigharamia mpango wa kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza uzoefu wa utafiti, nao huitwa kwa kifupi REU. Fedha hazitoki kwenye wakfu kwenda moja kwa moja mfukoni mwa mwanafunzi. Chuo kikuu huandika pendekezo, kikikubaliwa hufungua kile wanachokiita kituo, na kituo hupokea kikundi cha wanafunzi wapatao kumi hivi, kwa kawaida kwa wiki 8 hadi 10 za kiangazi. Kila kituo huchagua watu wake chenyewe, hivyo kukataliwa na kimoja hakukuharibii jina kwa kingine. Pembeni ya mpango huo ipo mingine iliyoanzishwa mahsusi kwa makundi yaliyo machache katika sayansi na uhandisi. Mmojawapo ni ule ulioanza mwaka 1991 na baadaye ukapewa jina la Louis Stokes, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuliwakilisha jimbo la Ohio katika Bunge la Marekani. Mwingine ni ule wa Ronald McNair, mwanafizikia na mwanaanga aliyefariki katika ajali ya chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo nilipoanza kusoma katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili ambacho mtu hutoka kuhamia chuo kikuu, mwezi Agosti 2021. Nilikuwa nikifanya kazi zamu ya usiku katika ghala la vifurushi, nikiingia darasa la kemia saa mbili asubuhi nikiwa na mkanda wa kuinulia mizigo ungali kiunoni. Habari za kiangazi cha utafiti niliziona kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mashine ya soda. Nilipomwuliza mshauri wa wanafunzi, aliniambia kwa upole kwamba mambo hayo ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu vikubwa na kwamba ningojee nihamie huko kwanza. Alikosea. Wakfu wenyewe huvitaka vituo vichukue sehemu kubwa ya wanafunzi wao kutoka vyuo visivyo na nafasi nyingi za utafiti, vyuo vya jamii vikiwemo. Kile nilichokiona kuwa upungufu wangu ndicho kituo kilikuwa kikikitafuta, lakini ilinichukua mwaka mzima na aibu kiasi kulifahamu hilo.

Januari 2022 niliomba nafasi katika vituo vinne, na vyote vinne vilinishinda kabla hata sijashindanishwa na mtu. Sharti la REU ni kwamba mwanafunzi awe raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya kutimiza mwaka mmoja nchini, nami nilikuwa nimeomba, lakini grini kadi ilikuwa bado haijafika. Mimi niliona neno "mkaazi" nikajiambia kwamba ninakaa hapa, basi. Mratibu wa kituo kimoja alinijibu kwa mistari miwili ya heshima. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea tangazo lolote, macho yangu huanza na kipengele cha nani anaruhusiwa kuomba kabla ya picha za wanafunzi wanaocheka. Zipo programu zinazoendeshwa kwa fedha za vyuo vyenyewe ambazo hazina sharti hilo, na aliye katika hali niliyokuwa nayo mimi azitafute hizo badala ya kukaa akisubiri barua ya uhamiaji.

Jambo la pili lililoniangusha mwaka ule ni la kimalezi, na ninafikiri wengi wetu litatugusa. Vituo vingi hutaka barua mbili za mapendekezo kutoka kwa walimu. Niliwaomba walimu wawili, wote wakakubali. Mmoja alituma. Wa pili alisahau, na mimi, niliyefundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa hakumbushwi ahadi yake kama anayedaiwa, nilikaa kimya kwa wiki tatu nikimheshimu. Tarehe ya mwisho ilipita, maombi yakafungwa yakiwa pungufu. Nilipomwona baadaye alisikitika kwa dhati na kuniuliza kwa nini sikumwandikia tena. Huku kumkumbusha profesa kwa barua pepe fupi, siku kumi kabla na siku tatu kabla, ni sehemu ya adabu yenyewe. Mwaka uliofuata niliomba barua tatu mahali zilipohitajika mbili, niliziomba mwezi Novemba, na kila mwalimu nilimpa ukurasa mmoja wenye tarehe, jina la kituo, na kazi nilizofanya darasani kwake, ili asilazimike kukumbuka sura yangu kati ya sura arobaini.

Insha ya maelezo binafsi nayo ina kisa chake. Ile ya kwanza niliandika kwamba nimependa sayansi tangu nikiwa mtoto, jambo ambalo halikuwa kweli kamili, na nikaficha ghala, nikaficha chuo cha jamii, nikaficha kambi. Mwaka wa pili mtu mmoja wa ofisi ya kusaidia uandishi aliisoma, akagundua nilikotoka, akaniambia kwa msisimko: "Andika kuhusu vita!" Nilikataa, na hata leo ningekataa. Vita vya Fizi sivikumbuki, ni vya Mama, na sikuona sababu ya kuviuza ili nipate chumba cha kiangazi. Ninachokikumbuka ni maji. Ninaikumbuka foleni ya madumu bombani kabla jua halijachomoza, kila dumu likiwa na alama yake ya rangi au kitambaa ili lisihamishwe. Ninakumbuka harufu ya dawa iliyokuwa kali siku nyingine na siku nyingine haipo kabisa, na jinsi Jumamosi sisi watoto tulivyotia kokoto ndani ya dumu na kulitikisa ili lisafike, hadi mikono ife ganzi. Niliandika hayo, na mwishoni nikauliza swali moja: kwa nini maji yaliyonuka dawa bombani hayakunuka tena yakifika nyumbani na kulala usiku mmoja? Safari hii grini kadi ilikuwa imefika, nikaomba vituo tisa. Saba vilikataa, kimoja kiliniweka kwenye orodha ya kungojea, na kimoja kikaniandikia barua ile ambayo Mama aliitilia shaka.

Ili kumtuliza tulipiga simu pamoja kwa mratibu, nikiwa natafsiri, naye Mama akauliza maswali yake yote, likiwemo kama wasichana na wavulana wanalala jengo moja. Mratibu alijibu moja baada ya jingine bila haraka. Mzazi mwingine akitaka kufanya hivyo, asione haya.

Kuhusu fedha niseme waziwazi, kwa sababu matangazo huwa hayasemi. Posho ni kweli ililipwa, lakini awamu ya kwanza iliingia mwishoni mwa wiki ya tatu. Nauli niliambiwa nijilipie kwanza na kurudishiwa baadaye kwa risiti, na kurudishiwa huko kulifika mwezi Septemba. Aliyepanga utaratibu huo sidhani aliwahi kuwa na dola 90 tu benki. Niliokolewa na mchango wa akina mama wa kanisani, ambao walidhani ninakwenda kusomea udaktari. Kisha, kwa kuwa ile ni posho na si mshahara, hakuna kodi iliyokatwa, na mwaka uliofuata nilipojaza fomu za kodi nilikuta nimeongeza mapato ambayo sikuwa nimeyatengea chochote. Mtu aulize mapema lini analipwa na nani anatanguliza nauli. Vituo vingine hukubali kukata tiketi vyenyewe ukiomba, nami sikuomba kwa sababu niliona kuomba ni kulalamika.

Maabara yenyewe ilikuwa ghorofa ya chini, baridi kama chumba cha kuhifadhia nyama. Tulikuwa wanafunzi kumi katika kituo, na katika maabara yangu nilikuwa peke yangu na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Puerto Rico aliyepewa kazi ya kuniongoza. Wiki ya kwanza nilipoteza nguvu nyingi kwa maneno tu. Katika barua pepe walimtaja "PI", nami nikadhani ni ile pai ya hesabu za duara, kumbe ndiye profesa kiongozi wa mradi. Kumwita profesa huyo kwa jina lake la kwanza kulinishinda hadi mwisho, nikaendelea kumwita Profesa, naye akazoea. Kwenye fomu za kituo kulikuwa na visanduku vya asili ya mtu. Nilikuwa nimewahi kuwa Mbembe, Mkongomani, mkimbizi na namba ya kadi ya mgao, lakini pale nilitia alama kwenye kisanduku cha Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika, na kalamu ilisita kidogo. Jioni ya kwanza mratibu alitusimulia kwamba mwaka 1959 Ronald McNair, akiwa na miaka tisa, alikataa kuondoka katika maktaba ya mji wake wa Lake City, South Carolina, ambayo haikuwaazimisha vitabu watu Weusi, hadi polisi wakaitwa, kisha mama yake naye akaitwa. Aliondoka na vitabu vyake. Nilipomsimulia Mama kwa simu, alitaka kujua yule mama wa mtoto alisema nini mbele ya polisi.

Kazi yangu ilikuwa kupima jinsi klorini, ile dawa ya kuua vijidudu vya maji, inavyopungua katika maji yaliyohifadhiwa. Unachukua maji kidogo katika kuveti, kile kichupa cha kioo chenye kuta nyoofu, unatia kemikali iitwayo DPD, na kama klorini ipo maji yanageuka waridi. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo waridi linavyokolea. Kisha unafuta alama za vidole kwa kitambaa laini, unakiweka katika spektrofotomita, nayo inapima mwanga uliomezwa kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 515. Mara ya kwanza nilipoona rangi ile nilikumbuka wahudumu wa maji wa kambini wakisimama karibu na bomba na kisanduku chao kidogo cha plastiki, wakikiinua kuelekea juani. Nilikuwa nikidhani wanapima rangi ya maji. Kumbe walikuwa wakitafuta angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, kiwango cha chini kinachotakiwa pale mtu anapochotea, ili maji yabaki na kinga njiani.

Wiki ya pili ndipo nilipoharibu. Nilijaza chupa za kioo maji yenye miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa moja nilipopima, karibu nusu ilikuwa imetoweka. Ilipaswa kushuka polepole kwa siku nzima. Nilirudia, ikawa vilevile. Nilidhani ni mkono wangu, ni pipeti, ni mimi niliyetoka chuo cha jamii na ambaye hakupaswa kuwa pale. Kwa siku saba sikumwambia mtu. Nilirudi maabara usiku, nikarudia vipimo hadi vidole vikanuka bwawa la kuogelea, na mchana kiongozi wangu alipouliza mambo yanaendaje nilijibu kwamba yanaenda vizuri. Siku ya nane alikuja mwenyewe kuangalia daftari langu, akaona safu ya namba, akacheka kicheko kisicho cha dharau, na kuniuliza: "Chupa uliziloweka?"

Sikuwa nimeziloweka. Chupa za kioo, hata zikionekana safi, huwa na mabaki madogo ya sabuni na uchafu yanayokula klorini, hivyo kabla ya vipimo vya namna ile hulowekwa katika klorini kali kwa muda, kisha husuuzwa kwa maji yasiyo na chochote ndani yake. Maelekezo yalikuwa na mstari mmoja unaosema hivyo, nami niliuruka kwa sababu nilidhani unahusu kuosha vyombo, na kuosha vyombo ninakujua. Kosa la chupa lilikuwa dogo, la kusahihishwa kwa usiku mmoja. Zile siku saba za kuficha ndizo zilizonigharimu, kwani kati ya wiki kumi nilikuwa nimeitupa moja nikijaribu kuonekana ninajua. Kiongozi wangu aliniambia kwamba yeye mwaka wake wa kwanza aliwahi kuficha kosa kwa mwezi mzima. Baada ya hapo tulikubaliana kwamba kila Ijumaa saa tisa nitamwonyesha namba mbaya kwanza.

Nilipokuwa nikiziloweka zile chupa ndipo wazo lilipokuja, au tuseme lilirudi, maana nilikuwa nalo tangu insha. Ikiwa chupa safi ya kioo inaweza kula klorini kiasi hicho, dumu je? Madumu yetu yalikuwa na utelezi ndani. Ukitia mkono mdomoni mwa dumu uliusikia, laini kama ngozi ya kambale. Nilimwambia kiongozi wangu kwa tahadhari nyingi, nikiomba radhi mara mbili kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Aliacha alichokuwa akifanya, akavuta kiti. Akaniuliza dumu linakaa muda gani, linafunikwa na nini, maji huwa yanamiminwa au yanachotwa kwa kikombe. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza habari za dumu kana kwamba ni elimu. Ule utelezi, alisema, ni utando unaojengwa na bakteria kwenye ukuta wa chombo, nao hula klorini na pia huwakinga wanaoishi ndani yake. Jumatatu iliyofuata Profesa aliruhusu tununue madumu manne ya plastiki. Mawili tuliyajaza maji ya mto na kuyaacha wiki tatu yaote utando, mawili tukayaacha mapya. Kisha tukatia maji yenye dawa ileile katika yote manne na kupima kwa siku nzima, nami nililala maabara kwenye kiti kwa sababu kipimo cha saa nane usiku hakuna mwingine aliyekitaka.

Asubuhi, maji ya madumu mapya yalikuwa bado waridi. Ya yale yenye utando yalibaki meupe kabisa, chini ya ile miligramu 0.2. Nilisimama nikiyatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Madumu manne hayathibitishi jambo kubwa, na jambo lenyewe watafiti wa maji wanalijua, ila mimi nilikuwa nimelala na swali lile miaka kumi bila kujua kwamba lina jibu linaloweza kushikwa mkononi.

Mwishoni mwa kiangazi kila mmoja wetu alisimama mbele ya bango lenye matokeo ya utafiti wake ukumbini kwa saa mbili. Mzee mmoja aliyevaa beji ya mhandisi aliniuliza kuhusu jotoridi la maji, kwa kuwa kambini ni joto na maabara yetu ni baridi, na joto huharakisha kupotea kwa klorini. Sikuwa nimepima. Nilimwambia kwamba sikupima, nikaandika swali lake nyuma ya bango kwa penseli mbele yake, naye akaendelea kuzungumza nami nusu saa.

Ninaongeza kwamba hali imebadilika tangu nilipokwenda. Mwaka 2025 vituo kadhaa vya REU vilifuta au kupunguza nafasi zao baada ya fedha kukatwa, na baadhi ya programu za makundi machache zimebadilisha majina na masharti. Kwa hiyo anayeomba sasa asitegemee orodha niliyotumia mimi. Ahakikishe kwenye tovuti ya kituo chenyewe kwamba kiangazi kile kipo, na kama profesa wa chuo chake ana maabara, amwendee moja kwa moja, kwa kuwa walio na ruzuku ya NSF wanaweza kuomba nyongeza ya kumchukua mwanafunzi mmoja au wawili bila kituo chochote.

Bango nililileta Louisville likiwa limeviringishwa ndani ya mfuko wa mwavuli. Mama alilibandika sebuleni juu ya kochi, akamwita jirani, akamwita mchungaji. Hasomi Kiingereza, hivyo nilimweleza mchoro mmoja baada ya mwingine kwa Kiswahili: huu mstari ni dumu jipya, huu unaoanguka ni dumu lenye utelezi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kidevu, kisha akauliza: "Na lile lililotikiswa kwa kokoto mmeliweka wapi?"

Hatukuwa tumeliweka popote. Nilitazama bango, nikamtazama yeye, nikaenda kutafuta simu yangu ili nimwandikie yule wa Puerto Rico kabla hajaondoka maabara.